Kizuri Hakijiuzi

Wazee wetu walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wazee, na methali zao nyingi zimenifaa maishani kama fimbo imfaavyo mtu avukaye mto. Lakini methali hii, itumiwapo katika kuchagua wachezaji, ni fimbo iliyoliwa na mchwa. Aiegemeaye huanguka, na huwaangusha wengine pamoja naye. Kizuri hakijiuzi. Kizuri kilicho chini ya kapu, kikafunikwa majani, hakina mnunuzi. Na mnunuzi asiyetaka kuinama hatakiona hata kikimgusa miguu. Kusudi la insha hii ni kuwalaumu wanunuzi wa namna hiyo. Kwa kuwa si adabu kulaumu wengine na kujisahau, nitajilaumu na mimi.

Nazungumza juu ya mpira wa kikapu wa wasichana katika shule zetu za Kwale, toka Waa na Tiwi mpaka Diani, toka Msambweni mpaka Lunga Lunga, na kule bara ya Kinango ambako mvua ni chache na njia ni ndefu. Pengine msomaji atacheka na kuuliza, je, mchezo wa kutia mpira katika pete ni jambo la kuandikiwa insha ya mashutumu? Nasema ndiyo. Msichana achaguliwaye katika timu ya wilaya huenda kucheza mbele ya watu wa kaunti. Wa kaunti huonekana na watu wa taifa. Na aonekanaye na watu wa taifa huweza kupewa nafasi chuoni, akalipiwa karo ambayo baba yake, mvuvi au mkwezi, asingeweza kuilipa. Aachwaye siku ya kwanza hana ngazi hata moja ya hizo. Kwa hiyo, mwalimu akaaye kwenye kiti kando ya uwanja na kalamu mkononi hachagui mchezo wa Jumamosi tu. Pengine, bila kujua, anachagua nani atasoma na nani atarudi nyumbani.

Tazameni jinsi tunavyochagua. Tuseme wasichana 40 wamekuja kujaribiwa, na muda uliopo ni saa mbili, yaani dakika 120, kwa sababu baada ya hapo gari litaondoka na jua litakuwa kali. Uwanja ni mmoja, na mchezo huchezwa na watu 10 kwa wakati mmoja, 5 upande huu na 5 upande ule. Fanyeni hesabu. Kila msichana atakuwa uwanjani dakika 30. Katika dakika hizo 30 mpira ni mmoja na wautakao ni 10. Ukigawanywa kwa haki, kila mmoja atakuwa nao dakika 3. Sasa jiulizeni macho ya mchaguzi huwa wapi. Macho ya mchaguzi hufuata mpira, kama macho ya paka yafuatavyo mkono ulioshika samaki. Basi msichana amepimwa kwa dakika 3, na dakika 27 za kazi yake zimepita kana kwamba hakuwapo. Mtu akinunua mbuzi kwa kuutazama mkia peke yake tutamwita mjinga. Lakini mtu akihukumu mtoto wa watu kwa sehemu moja katika kumi ya aliyoyafanya, twamwita mjuzi wa michezo, na twamletea soda.

Nilisema nitajilaumu, nami sasa natimiza ahadi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa walimu watatu waliopewa kazi ya kuchagua wasichana 12 wa kuunda timu. Alikuja siku ile msichana mmoja wa kidato cha pili, mwembamba, mkimya, kutoka shule ya upande wa bara ambayo haikuwa na uwanja wa mchezo huo. Viatu alivyovaa vilikuwa vya kuazima na vilimpwaya. Alicheza dakika zake, hakutia mpira katika pete hata mara moja, akarudi kukaa chini ya mwembe. Alikuwapo pia siku ile msichana mwingine, hodari wa kudundisha mpira, ambaye wenziwe walimshangilia kwa jina. Huyu alitia pointi 16. Nilimwandika wa kwanza katika orodha; yule wa viatu vya kuazima sikumwandika kabisa.

Jioni, tulipokuwa tukikusanya mipira, mwalimu mwenzangu, mama mtu mzima aliyefundisha michezo kwa miaka mingi, aliniuliza swali moja: "Umehesabu pointi zilizotiwa. Je, umehesabu zilizozuiwa?" Sikumwelewa. Akaniomba daftari langu, akanionyesha kwa kidole. Msichana hodari alikuwa amecheza mara mbili, robo saa kila mara. Katika robo saa ya kwanza alitia pointi 2. Katika robo saa ya pili alitia 14. Tofauti ilikuwa nini? Katika robo saa ya kwanza aliyemkaba alikuwa yule mwembamba wa viatu vya kuazima. Katika ya pili alikabwa na mwingine. Habari yote ilikuwa katika daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nami nilikuwa sikuisoma. Wakati ule orodha ilikuwa imekwisha kusomwa mbele ya watu, na wasichana walikuwa wamekwisha kupanda magari.

Mwaka uliofuata nilimtumia salamu aje ajaribiwe tena. Hakuja. Nilipopata safari ya kwenda shuleni kwake nilimwita, nikamwuliza kwa nini hakuja. Aliinamisha kichwa kwa adabu, akanijibu: "Mwalimu, mwaka jana nilikuja, ukanitazama." Hakusema neno jingine, wala halikuhitajika. Alikuwa ameamini kwamba nilimtazama. Hakujua kwamba nilikuwa nikiutazama mpira.

Kosa hilo si langu peke yangu, na ndiyo maana naandika. Tuna mizani tatu mbovu ambazo twazitumia kila mwaka, na kila moja inastahili kuvunjwa hadharani.

Mizani ya kwanza ni urefu. Sikatai kwamba urefu ni mali katika mchezo huu. Pete iko mita 3.05 juu ya ardhi, na haijapata kushuka kwa ajili ya kumhurumia mtu mfupi. Lakini yako mambo katika mchezo huu ambayo hayako juu. Mpira hudundishwa chini, hupitishwa kifuani, huibwa kwa mkono mwepesi, na njia ya kufikia pete huonwa na akili kabla ya kuonwa na jicho. Mfano upo, wala si wa kubuni. Becky Hammon alikuwa msichana wa Rapid City, mji ulio mbali na miji mikubwa ya Marekani, na kimo chake kilikuwa kama sentimita 168. Alicheza katika chuo kikuu cha Colorado State. Alipomaliza masomo mwaka 1999, timu za ligi ya wanawake zilikaa kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Majina yalitajwa mpaka yakaisha, lake halikutajwa. Timu moja ya New York ikampa nafasi ya kujaribu tu. Akacheza katika ligi ile misimu 16, na mara sita akachaguliwa kuwa miongoni mwa nyota wake. Mwaka 2014 aliajiriwa kuwa mwalimu msaidizi wa timu ya wanaume ya San Antonio, na baadaye, akiwa mwalimu mkuu wa timu ya wanawake ya Las Vegas, akatwaa ubingwa mwaka 2022 na 2023, na tena mwaka 2025. Wale waliokuwa na orodha mwaka 1999 walikuwa wajuzi wenye mishahara, wenye picha za sinema za kila mchezo, wenye miaka minne ya kumtazama. Ikiwa hao walikosea, ni kiburi gani kinachotufanya sisi wa dakika 3 tudhani hatukosei?

Najua jibu litakalotolewa. Mtu atasimama aniambie: "Na Madina Okot je? Huyo Mkenya mwenzetu hakufika Marekani kwa urefu wake?" Swali ni zuri, nami nalikaribisha, kwa kuwa lanisaidia mimi kuliko linavyomsaidia aliyeuliza. Madina Okot, binti wa Mumias, ana kimo cha sentimita 198. Urefu huo haukuhitaji darubini. Lakini hakuanza mpira wa kikapu utotoni kama Wamarekani wanavyoanza; alikuwa msichana mkubwa alipoanza kuushika, na hapo wenziwe wa ng'ambo walikuwa na miaka kumi ya mazoezi. Kama angepimwa ustadi wake katika mwezi wa kwanza, angeambiwa arudi kwao. Akacheza katika chuo kikuu cha Zetech, si mbali na Nairobi. Mwaka 2024 akaenda chuo kikuu cha Mississippi State, na katika msimu wake wa kwanza huko alitia wastani wa pointi 11 kwa mchezo na kudaka mipira karibu 10 iliyorudi kutoka ubaoni. Mwaka 2025 akahamia South Carolina, chuo kilichokuwa kimetwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2017, 2022 na 2024.

Sasa wekeni mifano miwili hii pamoja. Aliyepima kwa urefu alimkosa Hammon. Ambaye angepima kwa ustadi wa siku ya kwanza angemkosa Okot. Mmoja mfupi, mmoja mrefu. Mmoja alianza mapema, mmoja alichelewa. Jambo gani lawaunganisha? Ni hili, kwamba kila mmoja alipata mtu aliyekubali kumtazama zaidi ya mara moja. Mchezaji si kitu kilichokwisha kufanywa, kama kiti au mlango, hata kikapimwa kwa futi kikajulikana. Mchezaji ni kitu kinachoota. Hapa Kwale twalijua jambo hili vizuri katika mashamba yetu. Mnazi mrefu huchukua miaka sita, na pengine zaidi, kabla ya kuzaa. Ni mkulima gani wa Msambweni au wa Gazi aliyeukata mnazi katika mwaka wa pili kwa sababu hauna nazi? Akiufanya upumbavu huo, majirani watakuja kumpa pole wakidhani amerukwa na akili. Lakini huyo huyo mkulima, akivaa kofia ya mchaguzi wa wachezaji, huikata miche kwa saa mbili na kurudi nyumbani akiwa radhi.

Mizani ya pili ni pointi. Pointi huandikwa ubaoni, na kilichoandikwa huaminiwa. Lakini ubao hauandiki msichana aliyejiweka njiani mwa adui ili mwenzake apite. Hauandiki aliyemrudisha mpinzani upande wa mkono wake dhaifu mpaka akapoteza mpira. Hauandiki aliyetoa pasi kwa yule aliyetoa pasi kwa yule aliyefunga. Timu ya wafungaji watano, kila mmoja akitaka mpira, ni kama jahazi lenye manahodha watano na baharia hakuna; tanga halitapandishwa. Isitoshe, pointi za siku ya majaribio ni pointi za hila. Kila msichana ajua kwamba afungaye ndiye atakayeandikwa. Basi aliye mbinafsi hupiga mpira kila aupatapo, na aliye mwema hutoa pasi kwa mwenzake kama alivyofundishwa. Jioni mbinafsi huchaguliwa na mwema huachwa. Halafu msimu ukianza, twalalamika kwamba timu yetu haina umoja! Umoja tuliuacha chini ya mwembe.

Mizani ya tatu ni jina la shule, nayo ndiyo mbaya kupita zote, kwa maana haimtazami msichana hata kidogo. Huko nyuma watu wengi waliamini kwamba mpira wa kikapu ni mchezo wa shule za Nairobi, na kwamba pwani ni mahali pa kuogelea na kupumzika. Shule ya Kaya Tiwi, hapa hapa Kwale, iliyajibu maneno hayo uwanjani, na wasichana wake wamepata kutwaa ubingwa wa taifa. Heshima yao ni yao, wameipata kwa jasho. Lakini tazameni jinsi tulivyo wazito wa kujifunza. Somo la Kaya Tiwi lilikuwa kwamba mchezaji aweza kutoka mahali pasipotarajiwa. Sisi tukasoma kinyume, tukasema kwamba sasa mchezaji hutoka Tiwi! Tumebadili jina la mahali tu, upofu umebaki ule ule. Msichana wa Vanga au wa Ndavaya bado yuko mahali pasipotarajiwa, kama alivyokuwa wa Tiwi zamani, na gari la wachaguzi bado halifiki kwake.

Hapa ndipo ninapotaka kuingia katika jambo ambalo wachaguzi wetu hawalipimi kamwe, nalo ni ardhi aliyotoka mchezaji. Mpira wa kikapu ni mchezo wa kudundisha, na mpira haudundi mchangani. Shule nyingi za ukanda wetu wa pwani zimejengwa juu ya mchanga. Ukiuachia mpira, unakufa miguuni pako. Msichana aliyejifunza katika uwanja wa namna hiyo hajui kudundisha vizuri, na hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba mara nyingi ajua kutoa pasi kwa haraka na kukimbia mahali pazuri bila mpira, kwa kuwa ardhi haikumwachia njia nyingine. Mlete kwenye sakafu ya saruji siku moja tu, naye ataonekana mjinga mbele ya aliyezaliwa juu ya saruji. Mpe miezi mitatu juu ya saruji ile ile, ndipo umpime. Nahodha huuliza pepo zilikuwaje kabla ya kusema kwamba chombo kilichelewa. Na sisi yatupasa tuulize ardhi ilikuwaje kabla ya kusema kwamba msichana hafai.

Tena kuna mambo yasiyokuwa ya ardhi. Msichana wa Kinango akitoka shuleni wakati wa kiangazi huenda kutafuta maji, na ndoo haijui kwamba kesho ni siku ya majaribio. Wengi wa wasichana wa Kwale ni Waislamu wanaojisitiri kichwa, na kwa miaka mingi sheria za Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Dunia, FIBA, zilikataza vazi la kichwani katika mashindano yake. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2017. Kabla ya mwaka huo, msichana aliyeambiwa kwamba siku za mbele aweza kuichezea nchi yake alijua kwamba mlangoni atatakiwa avue kile asichotaka kuvua. Je, tutamlaumu kwa kutojitokeza? Mtu hukimbilia mlango uliofungwa mara ngapi kabla ya kuchoka? Sheria imebadilika, lakini mazoea ya kutojitokeza hayabadiliki siku ile ile sheria ibadilikapo. Yataka mtu wa kwenda kubisha hodi nyumbani, kuzungumza na mama na baba kwa heshima, na kuwaeleza kwamba binti yao aweza kucheza na stara yake ikabaki. Mchaguzi anayekaa kitini na kungoja kizuri kijiuze hatabisha hodi hiyo.

Watasema wapinzani wangu kwamba muda hautoshi na fedha hazipo. Nakubali kwamba ni chache. Lakini ninayoyataka hayahitaji hazina ya serikali. Kwanza, nataka majaribio yawe mara mbili, siku mbalimbali, hata kama kila mara ni saa moja badala ya saa mbili. Muda ni ule ule, hekima imeongezeka. Pili, nataka katika walimu watatu, mmoja akatazwe kuutazama mpira. Kazi yake iwe kuwatazama wasio na mpira, na kuandika wanakwenda wapi na wanamkaba nani. Tatu, nataka asubuhi wasichana wafundishwe jambo moja jipya, dogo, ambalo hakuna aliyelijua. Na jioni itazamwe ni nani aliyelishika. Hapo tutakuwa tumepima kile hasa tunachokitafuta, yaani mwendo wa kujifunza, wala si umbali ambao mtu amekwisha kubebwa na shule yake. Nne, nataka tumtazame msichana baada ya kukosea. Anayepoteza mpira na kurudi mbio kulinda ana kitu ambacho hakifundishwi kwa urahisi. Anayepoteza mpira na kusimama akimlaumu mwenzake ana kitu ambacho hakiondolewi kwa urahisi. Mambo manne hayo yanahitaji daftari, kalamu na unyenyekevu. Kalamu twazo.

Isije ikadhaniwa kwamba nageuza kosa moja kuwa jingine. Sisemi kwamba kila asiyesifiwa ni johari, wala kwamba kila asifiwaye ni kioo. Msichana wa pointi 16 niliyemwandika wa kwanza alikuwa mchezaji mzuri, na alistahili nafasi yake. Wako pia wanaoachwa kwa haki, na kuachwa kwa haki si dhuluma. Ninachokataa ni kuacha bila kutazama. Hakimu aweza kumtia mtu hatiani na bado akawa hakimu mwema, lakini hawezi kuwa mwema akihukumu kesi ambayo hakuisikiliza.

Sasa nawageukia ninyi vijana mnaosoma, kwa kuwa uchaguzi si wa walimu peke yao. Ninyi huchagua kila alasiri. Manahodha wawili husimama na kuita majina, mmoja huku na mmoja huku, na wa mwisho hubaki amesimama peke yake akitazama vidole vya miguu yake. Huyo wa mwisho amekuwa wa mwisho kwa sababu gani? Aghalabu ni kwa sababu jana alikuwa wa mwisho, na juzi pia. Hakuna aliyempima tena tangu muhula wa kwanza. Basi nahodha, kesho mwite wa tatu badala ya wa mwisho, mpe kazi ya kumkaba aliye hodari kuliko wote upande wa pili, na uhesabu. Usihesabu atakachofunga yeye. Hesabu kitakachokosa kufungwa.

Na wewe uliyebaki mwisho, nina neno na wewe. Methali ile ya kujiuza imekudhuru wewe kuliko mtu yeyote, kwa maana imekufanya uamini kwamba, kwa kuwa hukununuliwa, wewe si kizuri. Usiamini. Aliyekuacha hakukutazama kama ulivyodhani. Nami nalisema hili nikiwa mmoja wa walioacha. Ukiitwa mara ya pili, njoo. Usipoitwa, njoo vile vile, usimame mahali ambapo mwalimu hawezi kukukwepa, umwambie kwa adabu: "Mwalimu, leo nitazame nisipokuwa na mpira." Akiwa mwalimu kweli atakutazama. Asipokutazama, aibu ni yake, na mchezo ni wako.

Kizuri hakijiuzi. Kizuri hutafutwa, na atafutaye huinama, huondoa majani, hugeuza kapu, hurudi kesho kutazama tena. Msichana wa viatu vya kuazima alitembea njia ndefu kuja kwangu. Mimi sikuweza kutembeza macho yangu hatua mbili kutoka kwenye mpira mpaka kwake. Yeyote kati yenu atakayekaa siku moja katika kiti nilichokaa, na akumbuke hilo kabla ya kuisoma orodha mbele ya watu.